Mkaja Ulionifuata Jikoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi humu ndani, asifiwe na walio nje kwenye kivuli wanaotusikia kupitia spika. Namwomba ndugu anayeshughulikia mitambo asiipunguze ile spika ya nje leo. Niachie hivyo hivyo, mwanangu. Nina sababu yangu, mtaijua.

Kwa wageni, mimi ni Wakesho, Mama Zawadi, yule wa mahamri na mbaazi pale njia panda ya Utange. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa jikoni. Naona mnacheka. Chekeni tu. Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi iliyopita nyumbani kwangu, wengine wenu mlikuwapo, wengine mmesimuliwa, na kila aliyesimulia ametia chumvi yake. Leo lisikieni kwangu mimi mwenye jiko.

Nilizaliwa Chaani, baba yangu Mtaita aliyefuata kazi bandarini. Alipofariki nilikuwa msichana mkubwa, nina wadogo zangu wanaonitazama mikono. Nilifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Nikapata kijana akaniahidi ndoa, akanipa mimba, akapata safari, na hiyo safari hajarudi mpaka leo. Njaa ilipobisha hodi haikuniuliza nasali kanisa gani. Nikaingia kazi ile. Pale Changamwe, kwenye baa za karibu na maegesho ya malori, niliuza mwili wangu. Nimelisema, nanyi mmelisikia, na paa la kanisa bado liko juu.

Ndugu zangu, mmezoea ushuhuda wa namna moja. Mtu anasimama anasema nilikuwa kwenye shimo, na waliobaki shimoni ni takataka, asante Yesu kwa kunitenga nao. Mimi siwezi kusema hivyo, maana nitakuwa mwongo mbele ya madhabahu. Kule shimoni nilimkuta mwanamke anaitwa Kache.

Kache ni Mgiriama, alinitangulia kwa umri na kwa kazi. Mdomo wake mkali, anaweza kumsema mtu akasahau alikokuwa anakwenda. Lakini mkono wake! Chumba chake pale Chaani kilikuwa na kitanda kimoja, na juu ya kitanda hicho walilala watoto wa wanawake wote waliokuwa kazini. Yeye ndiye aliyewaogesha, yeye ndiye aliyejua nani ana homa. Msichana mwenzetu mmoja alikufa, maskini, akalala chumba cha maiti hana wa kumdai. Ndugu zake waliposikia alikuwa akifanya kazi gani, wakasema hawamjui. Kache alivaa buibui la kuazima akaenda akasema, "Huyo ni mwanangu, nipeni nikamzike." Akamwosha, akamzika, akakaa matanga. Hakuwa mwanawe. Hakuwa hata wa kabila lake.

Nami siku yangu ya kujifungua ilipofika, mvua inanyesha kutwa, nilikwenda zahanati fulani. Muuguzi alinitazama akamwambia mwenzake, "Hawa ndio wale," wakaniacha kwenye benchi. Kache alinichukua akanipeleka chumbani kwake, akamwita mkunga, na Zawadi akazaliwa juu ya kile kitanda cha watoto wa watu. Kisha Kache akafungua sanduku lake. Alikuwa na leso moja, kanga mpya, haijafuliwa, bado ina ukavu wa dukani, aliyojiwekea kwa Krismasi. Akaikunja, akanifunga tumboni kwa nguvu mpaka nikapiga yowe. Ninyi wenzangu wa bara, huo ndio mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi ili tumbo lirudi. Nikamwambia, "Dada, hiyo si leso yako ya sikukuu?" Akanijibu, "Nyamaza. Tumbo la mzazi hufungwa. Haliulizwi mume."

Nililia, ndugu zangu. Tangu baba afe hakuna aliyekuwa amenifunga hata kidonda.

Ni Kache huyo huyo aliyenitoa. Mimi nilikuwa nimezoea, niseme kweli. Yeye ndiye aliyeniona nikikanda unga wa mahamri siku za sikukuu, akasema mkono huu unapotea. Akanunua mfuko wa unga, iliki na nazi, akanitwisha, akaniambia, "Nenda Utange, hakuna anayekujua. Usirudi hapa, hata kunisalimia usije mpaka mtoto aingie shule." Nikaja. Mungu akabariki karai langu. Nikaingia kanisa hili, nikaokoka, nikabatizwa. Haleluya!

Basi sasa nisikilizeni vizuri.

Mnakumbuka Shemasi Yona aliposhuhudia? Wakati ule hakuwa shemasi, alikuwa dereva wa lori aliyeacha safari ndefu. Alisimama hapa hapa akasema, "Ndugu zangu, kutoka Mombasa mpaka mpakani, hapakuwa na kituo nisichokuwa na mwanamke." Mkacheka! Akasema Changamwe alijulikana kila baa. Mkapiga makofi! Kina mama mlipiga vigelegele, mchungaji wetu wa wakati ule akamkumbatia, akasema tazameni Mungu alivyo mkuu. Mwaka haukuisha akawa shemasi. Sikatai, alistahili. Nasema tu niliyoyaona.

Mimi nikapata moyo. Nikajiambia, kumbe hapa ndipo pa kutua mzigo. Jumapili iliyofuata nikasimama nikasema yale yale. Changamwe ile ile, baa zile zile. Ndugu zangu, nilisikia pangaboi likizunguka. Hakuna aliyesema amina. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akampakata. Kesho yake asubuhi mahamri yangu yakalala. Mteja wangu wa kila siku akanipita akisema, "Leo tumekunywa uji." Mji mzima ulikunywa uji wiki hiyo! Mahamri yangu waliyala miaka na hawakuumwa, ushuhuda ndio ulioyatia sumu.

Na ule ushirika wa nyumbani, unaozunguka kila nyumba, ukifika kwangu ulikuwa unaruka. Unatoka kwa jirani wa kulia unaingia kwa jirani wa kushoto. Nilikuwa nikiwasikia mkiimba ng'ambo ya ukuta, nami nimekaa na birika langu la chai. Nikaimba nanyi kutoka upande wangu wa ukuta. Sauti ya pili mliyokuwa mkiisikia ilikuwa yangu.

Wanaume je? Wanaume mlinipa pole kwa macho. Wako waliokuja kununua mahamri alfajiri kabla hakujapambazuka, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama bado "nasaidia watu". Eh, naona benchi la kina baba limetulia ghafla. Msiogope, sitataja jina. Hao walikuwa wakitoka pale wanakuja hapa, wanakaa mbele, na mimi nakaa nyuma karibu na mlango. Hasira niliyokuwa nayo, Mungu ndiye anayeijua. Nilikanda unga kwa hasira mpaka mahamri yakawa yanafura vizuri zaidi.

Lakini nilimlea Zawadi. Mnamfahamu, ndiye anayewafundisha watoto wenu chekechea, na hamkuacha kumpelekea, namshukuru Mungu. Akapendwa na Elia, fundi wa umeme, kijana wa watu wa Frere Town. Ukoo wa kanisa tangu mababu, watu wa heshima zao. Wakasema watakuja kuposa. Ndugu zangu, nilicheza peke yangu chumbani!

Wiki moja kabla ya posa akaja Mama Debora, mwenyekiti wetu wa kina mama. Alikuja kwa upole, nakushuhudia dada yangu, ulikuja kwa upole hata chai ukanywa. Akasema Bi Agnes, mama yake Elia, anampenda Zawadi, ila wajomba wa kijana wameuliza habari zangu. Ili shughuli isiharibike, kina mama wameona siku ile asimame mama mwingine. Mama Debora ataketi sebuleni awe kama mzazi, apokee wageni, apokee na mkaja. Mimi nitashika jiko, maana kwa mapishi sina mpinzani.

Mnaelewa alichoniambia? Pwani hii, mwanamume akiposa, huleta kilemba cha baba na mkaja wa mama. Siku hizi wengi hutia bahasha, lakini wale wa Frere Town wanafuata mila, mkaja kwao ni leso kweli. Ni shukrani kwa tumbo lililombeba binti. Na huo mkaja ungefungwa tumbo lisilomzaa mwanangu!

Nikakubali. Nikasema, "Haya, Mama Debora, mradi mwanangu aolewe." Zawadi aliposikia aliwaka moto. "Mama, basi siolewi!" Nikamwambia, "Utaolewa. Machozi ya jikoni husingiziwa kitunguu. Niache." Nilijiona mwenye busara, kumbe nilikuwa nimechoka tu kupigania kiti.

Jumamosi ikafika. Wageni wakaja baada ya chakula cha mchana, wamependeza, viti vya plastiki vimejaa sebuleni mpaka uani. Mshenga wao nani? Shemasi Yona! Ndiye waliyemchagua kuwasemea, kwa sababu ni mtu wa watu na ana ushuhuda mzuri. Mimi niko jikoni nimekaa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia, nakuna nazi ya kuku wa kupaka, unga wa mahamri mpaka kwenye nyusi. Pazia tu limenitenga na posa ya mwanangu.

Hapo akaingia Kache kwa mlango wa uani.

Sikuwa nimemwalika, na hilo liliniuma kuliko yote. Niliogopa wajomba wakimwona. Zawadi ndiye aliyemwita, bila kuniambia. Miguu sasa imemkatalia, anatembea kwa kujishika ukuta, lakini mdomo ule ule. Akanitazama, akatazama pazia, akasikiliza. Kule sebuleni Yona alikuwa anasema, "Na huu hapa ndio mkaja wa mama." Kache akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mtoto huyu ana mama wangapi?"

Nazi ilinidondoka.

Akalisogeza pazia akasimama mlangoni. Akabisha hodi kwa adabu zote, akawaamkia wazee. Nilifumba macho. Nilijua ulimi wa Kache ukifunguka sebuleni, posa imekufa, na Zawadi atabaki na aibu yangu mpaka uzee. Nikaomba, "Bwana, mnyamazishe." Namshukuru Mungu kwa maombi asiyoyajibu!

Kache hakutukana. Hakupaza sauti. Alimtazama Yona akamwuliza, "Shemasi, wanijua?"

Chumba kizima kikamgeukia Yona. Angeweza kusema hamjui, nani angembishia? Akasema, "Nakujua, dada Kache. Nilikula kwako nilipokuwa mgonjwa nimeshushwa kwenye lori."

"Basi na aliyeko jikoni unamjua. Ninyi wawili mlitoka mlango mmoja. Mbona wewe umeketishwa sebuleni, naye kaketishwa jikoni?" Kisha akaugeukia ule mkaja kwenye sinia. "Mimi si mtu wa kanisa, nisameheni. Ila najua mkaja. Hufungwa tumbo lililozaa. Na tumbo lililomzaa binti huyu nililifunga mimi, kwa leso yangu. Nikiwaona mnafunga jingine nitadhani mmekosea nyumba."

Mjomba mmoja akakohoa. Mama Debora alikuwa amenyoosha mikono kupokea, ikabaki hewani.

Yona akasimama. Ndugu zangu, nilidhani anaondoka. Akavua koti lake la suti, akalitundika kwenye kiti, akachukua sinia lenye mkaja, akapita pazia akaja jikoni. Akaliweka sinia juu ya pipa la maji. Akaniambia, "Dada Wakesho, nipishe hapo." Nikaondoka kwenye mbuzi bila kuelewa, naye akakaa! Shemasi na tai yake, amekaa juu ya mbuzi, ameokota nazi yangu, anakuna! Mwanamume hajui kukuna, anaitupa nusu chini, vipande vimemrukia mpaka kwenye tai. Huku anasema kwa sauti ya kusikika sebuleni, "Walinipigia makofi, nikayachukua. Wakakunyima wewe, nikanyamaza. Kama kile ni kikao cha wasafi, mimi nimekosea chumba. Kwetu ni huku."

Kule sebuleni ikawa kasheshe. Tangu lini posa ikaenda bila mshenga? Msemaji wao yuko jikoni anakuna nazi, nao wameachwa wanatazamana. Wajomba wakaanza kunong'ona, mmoja akasema turudi nyumbani. Nikamtazama Zawadi amesimama mlangoni pa chumba chake, na uso wake haukuwa na hofu hata chembe. Alikuwa ananitazama mimi.

Kisha nikasikia viatu. Bi Agnes, mama wa kijana, na viatu vyake virefu, anakuja kwenye sakafu yangu iliyojaa machicha ya nazi. Akalifunua sinia, akaitoa ile leso, akaikunjua. Akanisogelea. Nikasema, "Bi Agnes, nina unga." Akasema, "Na mimi nina aibu. Unga utafutika." Akanizungushia kiunoni akafunga. Akafunga kwa nguvu, nikapiga yowe kama siku ile ya mvua, na Kache akacheka, akasema, "Sasa huyo ndiye aliyefundwa kufunga!"

Zawadi akapiga kigelegele, na wa pili kupiga, nasema mbele yenu, alikuwa Mama Debora. Wale wajomba wakaja mmoja mmoja mpaka jikoni wakaenea wima. Elia akaposa mke jikoni, kwenye moshi, na mshenga juu ya mbuzi. Yule mjomba wa turudi nyumbani ndiye aliyeuliza kama posa imekubaliwa, nami, mama mzazi, ndiye niliyejibu. Nilijibu kwa mdomo wangu huu! Kuku aliungua, mliomla mnajua. Hakuna aliyelalamika.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeokoka zamani, lakini shingo yangu ilikuwa haijaokoka. Ilikuwa inainama yenyewe kila nikiingia mahali. Jumamosi ile niliisikia ikinyooka. Damu ya Yesu ilinisafisha siku ya ubatizo, mimi na ninyi tukawa hatujaamini. Namshukuru Mungu kwa Shemasi Yona, aliyejua kuvua koti. Namshukuru kwa Bi Agnes. Mama Debora, moyoni mwangu hamna kitu, njoo kwangu unywe chai, na safari hii uje na ushirika mzima.

Na kwa wale dada walioko bado Changamwe nasema hivi. Mnawaombea kila Ijumaa watoke, na ni vyema. Lakini mtu akitoka, atokee wapi, ikiwa mlango wa huku mmeufunga? Anayewanunua mnampa kiti, anayenunuliwa mnampa jiko. Mungu tunayemwimbia hana mizani mbili. Mtumainini, msimwogope. Mimi nilimwogopa miaka nikidhani naye ananikalisha nyuma, kumbe alikuwa nami kwenye mbuzi muda wote.

Nimalizie. Nimewaomba msiipunguze spika ya nje. Leo sikuja peke yangu. Kache yuko pale nje, kwenye kile kivuli cha mwarobaini, amekaa juu ya jiwe. Nimemsihi aingie, amekataa. Ameniambia, "Mwanangu, nikiingia watataka nisimame niseme nilikuwa nani. Mimi nataka kukaa tu." Anasikia ninavyosema sasa hivi, na najua amekasirika.

Siwaombi mnyooshe mikono. Siwaombi mlie. Nawaomba benchi la mbele lisogee kidogo, mtu mmoja apate nafasi. Mtu mzima, miguu inamuuma.

Mama Debora, nakuona. Umesogea. Mungu akubariki, mama. Na wewe dada, sogea naye. Hapo panatosha.

Kache! Mlango uko wazi, usibishe hodi. Ingia ukae.